Upimaji wa dawa za kulevya kwa waombaji wa msaada Florida: tathmini ya huduma

Huduma inayoendeshwa kwa fedha za umma inastahili kuulizwa maswali yale yale ambayo mteja makini humuuliza mfanyabiashara: inaahidi nini, inagharimu kiasi gani, nani anailipia, na anayehudumiwa anaondoka na nini mkononi. Ninayoitathmini hapa ni mpango wa jimbo la Florida, nchini Marekani, ulioanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2011 baada ya Gavana Rick Scott kutia saini sheria iliyomlazimu kila mtu mzima anayeomba msaada wa TANF, yaani fedha za muda kwa familia zenye dhiki, apimwe dawa za kulevya kabla ya ombi lake kukubaliwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 ilikuwa imekwisha kuyaruhusu majimbo kuwapima wapokeaji wa msaada, na Michigan ilijaribu mwaka 1999 ikazuiwa na mahakama. Hata hivyo Florida ilirudia jambo lile lile la kuwapima watu wote bila kuhitaji dalili yoyote ya kumshuku mtu.

Nianze na malipo, kwa sababu hapo ndipo mpango huu ulipoonyesha mapema kwamba haukumfikiria anayehudumiwa. Mwombaji alitakiwa kulipia kipimo kwa fedha zake mwenyewe, kisha akarejeshewa baadaye iwapo matokeo yangeonyesha kwamba hana dawa mwilini. Familia ya watu wawili ilikuwa ikipewa msaada usiozidi dola 241 kwa mwezi, na ya watu watatu dola 303, na mtu anayeomba kiasi kama hicho huomba kwa sababu ameishiwa. Kumwambia atangulize fedha ili athibitishe kwamba anastahili kusaidiwa ni kumtoza mhitaji kiingilio, na sioni namna ya kulitetea jambo hilo hata kwa anayeunga mkono upimaji wenyewe.

Kuhusu kipimo, ni haki kukisifu kwa kazi kinayoiweza. Kikombe kinachotumika sana katika upimaji wa mkojo huwa na utepe wa joto pembeni, unaopaswa kusoma kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi ndani ya dakika nne, ili mpimaji aridhike kwamba mkojo umetoka mwilini mwa mpimwa muda ule ule. Ndani yake kuna vijistripu, yaani vipande vyembamba vya kupimia, kila kimoja kwa dawa yake, na mstari wa rangi unapojitokeza maana yake ni kwamba dawa hiyo haikufikia kiwango cha kuripotiwa. Mstari usipoonekana ndipo shaka huanza, na hata mstari uliofifia sana huhesabiwa kuwa matokeo safi. Kwa kuwa baadhi ya dawa halali za mafua zinaweza kukidanganya kipimo hicho cha awali, maabara inayojiheshimu haitoi uamuzi kabla ya kurudia sampuli kwa mashine yenye uhakika zaidi.

Tatizo ni swali ambalo kipimo kinajibu. Kinaeleza tu kama masalia ya dawa fulani yamepita mwilini siku za karibuni, wala hakielezi kama mtu ni mraibu, kama anashindwa kufanya kazi, au kama watoto wake wanakosa chakula. Masalia ya kokeni kwa kawaida huisha katika siku mbili hadi nne, wakati ya bangi yanaweza kubaki kwa wiki kadhaa kwa mtumiaji wa kila siku. Pombe, inayozivunja familia nyingi, huondoka baada ya saa chache. Kwa hiyo aliyevuta bangi mwezi uliopita anaweza kunaswa, huku anayelewa kila jioni akipita bila kuulizwa neno.

Matokeo ya Florida yanajulikana kwa sababu yaliwekwa mbele ya mahakama. Kati ya waombaji 4,046 waliopimwa, 108 tu, sawa na asilimia 2.67, walikutwa na dawa mwilini. Jimbo lilirejesha dola 118,140 kwa waliokutwa safi, kiasi kilichozidi kwa dola 45,780 msaada ambao wangelipwa wale walioshindwa, na hapo mawakili hawajahesabiwa. Watetezi wa mpango hujibu kwamba watumiaji walijitoa wenyewe kwa hofu, na ni kweli kwamba waombaji zaidi ya 2,000 hawakukamilisha upimaji. Lakini hakuna aliyethibitisha sababu zao, na aliyekosa fedha ya kipimo au usafiri wa kufika maabara naye yumo katika idadi hiyo hiyo.

Linaloniumiza zaidi ni lile lililomngoja aliyekutwa na dawa. Alifungiwa msaada kwa mwaka mmoja, au miezi sita ikiwa angemaliza matibabu, akapewa orodha ya vituo vya tiba, na sheria ikatamka waziwazi kwamba jimbo halikuwa na wajibu wa kugharamia tiba hiyo. Watoto wake waliweza kuendelea kupata sehemu yao kupitia mtu mzima mwingine, na hilo nalihesabu kuwa jambo jema. Lakini mgonjwa aliyegunduliwa, akanyang'anywa kipato, kisha akaambiwa ajitafutie tiba, amehudumiwa nini?

Luis Lebron, aliyewahi kutumikia Jeshi la Majini na aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu akimlea mwanawe peke yake, alikataa kupimwa na kulishtaki jimbo. Jaji Mary Scriven alisimamisha mpango mwezi Oktoba 2011, na mwezi Desemba 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubaliana naye kwamba upimaji usio na dalili mahususi ya kumshuku mtu unakiuka kinga ya Katiba dhidi ya upekuzi usio na sababu. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuifuta sheria ya Georgia iliyowataka wagombea wa vyeo vya kisiasa wapimwe. Kinga iliyomfaa mgombea ilimfaa pia baba asiye na kazi.

Utah ilichagua njia ya upole zaidi mwaka 2012: mwombaji hujaza dodoso kwanza, na anayeonyesha dalili ndiye hupimwa. Katika mwaka wa kwanza walikutwa na dawa watu 12 tu, kwa gharama iliyozidi dola 30,000. Naipa njia hii alama za juu kuliko ya Florida kwa kuwa haimshuku kila mtu. Mpango wa Florida siupendekezi kwa jimbo wala nchi yoyote, na ofisi inayofikiria kununua huduma ya aina hii ingeanza kwa kuhesabu nafasi za tiba isiyolipiwa zilizopo katika eneo lake, kabla haijaagiza kikombe hata kimoja.