Darubini ya Ndege wa Uani: Ipi Inunuliwe Kabla ya Masika

Tangu mwishoni mwa Januari nimepokea jumbe za wasomaji wa Dar es Salaam wenye lalamiko moja, ingawa kila mmoja analieleza kwa namna yake: amenunua darubini nzuri kwa fedha ya kutosha, ametenga sahani ya maji na kibao cha uwele uani, ameketi barazani alfajiri, na ndege walipotua hakuona ila madoa ya rangi yasiyo na umbo. Msomaji mmoja wa Tabata aliirudisha darubini yake dukani akiamini ni mbovu. Muuzaji akamtoa nje, akamwelekeza kwenye ghorofa la ng'ambo ya barabara, naye akaona mpaka vibanio vya nguo zilizoanikwa ghorofa ya tano. Darubini ilikuwa nzima kabisa, isipokuwa haikutengenezwa kwa ajili ya ua wake.

Kila darubini ina umbali mfupi kabisa ambao kitu kikiwa karibu zaidi ya hapo, gurudumu la katikati hugota na picha haitulii tena. Watengenezaji huuandika kwenye karatasi ya vipimo, aghalabu kule chini ambako wanunuzi wengi hawafiki, na sijapata kumsikia muuzaji wa Kariakoo wala wa Posta akiutaja bila kuulizwa. Kwa anayekwenda Mikumi kutazama tembo, kipimo hicho hakina uzito. Kwetu sisi tunaotazama uani, ndicho kipimo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama havina nafasi ya kuchezea: kutoka kiti cha barazani hadi ukutani ni mita tatu au nne, na sahani ya maji iko hapo katikati. Darubini ya Nikon Aculon A211 ya 8x42 (maana ya namba hizo naieleza hapa chini) inahitaji mita 5, na ile ya 10x50 inahitaji mita 7, yaani utazame ndege wako ukiwa umesimama kwa jirani.

Nasisitiza jambo hili sasa kwa sababu ya majira. Huko Uingereza watu humwaga mbegu kwa wingi mwezi Machi, kwa kuwa zile za porini zimekwisha na wadudu hawajatoka bado. Kwetu Machi ni mwisho wa joto la kiangazi, na kinachowavuta ndege zaidi ni maji. Tetere na shomoro hufika mapema, shore hufuata papai bivu, na mnana dume, akiwa amekwisha kuvaa manjano yake ya kuzalia, huanza kuchana makuti kwa ajili ya kiota mvua zinapokaribia. Chozi, ndege wadogo wanyonyao maua ambao wengi wao hawazidi sana sentimita kumi kwa urefu, huja kwenye ua la mshubiri na kukaa sekunde chache tu. Kuwatofautisha wanana kwahitaji kuona rangi ya jicho, na kumtambua chozi jike kwahitaji kuona kama kifua kina michirizi au hakina. Hayo huonekana kwa ndege aliye mita mbili na nusu mbele yako kama darubini inakubali umbali huo. Isipokubali, jicho tupu ni bora kuliko hiyo darubini.

Kuhusu ukuzaji nitasema kwa ufupi. Namba ya kwanza, kama 8 katika 8x42, ni mara ambazo kitu hukuzwa, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Nane inatosha. Kumi hukuza pia mtetemeko wa mikono yako, na mifano mingi ya kumi huona eneo dogo zaidi.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Uliza vigae vya sakafuni vina ukubwa gani. Vikiwa vya sentimita 40, vigae vitano ni mita mbili. Weka kipande cha gazeti mwisho wa kigae cha tano, simama wima, kumbuka kwamba umbali kutoka jichoni hadi kwenye gazeti unazidi kidogo hizo mita mbili kwa kuwa unatazama kwa mshazari, kisha ujaribu kusoma herufi ndogo. Funga jicho moja baada ya jingine, halafu fungua yote mawili. Darubini za umbo la zamani zenye mabega mapana, ambazo lenzi zake za mbele zimeachana kuliko macho yako, huleta picha mbili zisizokubali kuungana kwa kitu kilicho karibu, na kichwa huanza kuuma kabla ndege hajamaliza kunywa. Mkiwa nyumbani, msitazame kupitia wavu wa mbu wa dirishani, kwani wavu huo huharibu picha ya darubini ya bei yoyote. Fungueni fremu, hata kama mama mwenye nyumba atalalamika kwamba mnaingiza mbu.

Sasa niziweke kwa daraja, na sifichi kwamba naipendelea Nikon. Ya kwanza kwangu ni Nikon Monarch M7 ya 8x30. Inaona kuanzia mita 2, uzito wake hauzidi nusu kilo, na upana wa picha yake ni nyuzi 8.3, upana ambao unakusaidia kumpata chozi kabla hajaondoka. Ndani yake imejazwa naitrojeni na kuzibwa, na kwa mji wenye unyevunyevu wa bahari kama wetu hilo si pambo, kwa maana kuvu huota ndani ya lenzi za vifaa visivyozibwa. Kasoro yake ni kwa wavaa miwani, ambao watahisi ukingo wa picha umekatwa. Hao nawashauri wachukue Monarch M5 ya 8x42, ambayo huachia jicho nafasi ya milimita 19.5 nyuma ya lenzi, lakini huanzia mita 2.5 na ni nzito zaidi.

Ya pili ni Vortex Diamondback HD ya 8x42. Atakayenishika kwa maneno yangu mwenyewe atasema hii ingestahili nafasi ya kwanza, kwa sababu huanzia mita 1.5, na ana haki ya kusema hivyo. Naishusha kwa kuwa ina uzito wa gramu 600 hivi, na mkono uliochoka hushusha darubini dakika ileile kurumbiza anapotua kwenye mwembe. Vortex hutangaza dhamana ya maisha yote, ahadi ambayo inapendeza sana kwa mkazi wa Marekani; mkazi wa Mbagala atakayelazimika kuituma kwa ndege na kuipokea tena bandarini au uwanjani apige hesabu zake mapema.

Ya tatu ni Pentax Papilio II ya 6.5x21, kifaa cha ajabu kidogo. Huona kuanzia nusu mita, kwa kuwa lenzi zake za mbele husogeleana kadiri unavyolenga karibu, hivyo lile tatizo la picha mbili haliko. Ina gramu 290 tu. Kwa nyuki, vipepeo na chozi aliye kwenye chungu cha ua mbele ya miguu yako, sijui mshindani wake. Hata hivyo lenzi ya milimita 21 hupokea mwanga kidogo, na asubuhi ya mawingu ya Aprili utaona giza mapema; tena haikuzibwa dhidi ya maji. Anayeinunua aihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Nikon Prostaff P3 ya 8x42 imezibwa vizuri na bei yake ni ya kistaarabu, ila huanzia mita 3, kwa hiyo inawafaa wa Kigamboni na Goba wenye ua mpana. Celestron Nature DX ya 8x42 huanzia mita 2 na ndiyo ya bei nafuu ninayoweza kuitaja bila kuona haya.

Zile zinazotembezwa na wamachinga, zenye lenzi nyekundu na maandishi ya 60x60 au zaidi, hazihitaji aya ndefu. Chukua rula upime lenzi ya mbele. Isipofika namba ya pili iliyoandikwa, umekwisha kujua maandishi mengine yana ukweli kiasi gani. Ule wekundu hurudisha nyuma mwanga mwekundu, na kwa hiyo chozi mwenye kifua chekundu atakuonekania amefifia.

Linaloniudhi zaidi ni bei. Monarch M5 huuzwa Marekani kwa takriban dola 300, na ikifika hapa thamani ya forodha hujumlisha bei, bima na nauli, kisha ushuru ukiwepo huongezwa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla hiyo yote, yaani hata nauli ya kuileta imetozwa kodi. Hayo ni ya serikali na tumeyazoea. Nisiyoweza kuyazoea ni ya wauzaji wanaofungia darubini kwenye kabati la kioo, wasiobandika bei, wanaokutazama viatu kwanza ndipo watamke kiasi, na ukiomba kuijaribu kwa dakika mbili wanakujibu kwamba boksi likifunguliwa umeshanunua. Katika duka moja la katikati ya mji nilielezwa kwamba umbali wa karibu ni jambo la kamera, darubini haina. Muuzaji wa namna hiyo mwachie kabati lake. Msafiri anayerudi kutoka Dubai au Nairobi anaweza kukuletea unachokitaka, mradi umwandikie jina kamili na namba zote, maana Monarch na Prostaff kwa asiyejua ni kitu kimoja.

Zilizotumika nazo huuzwa, hasa na waongoza watalii wanaobadilisha vifaa msimu ukiisha, na si vibaya kununua kwao. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu upande wa lenzi za macho, kisha uchungulie kwa upande wa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kuisafisha vizuri kwaweza kugharimu zaidi ya darubini yenyewe. Zungusha pia gurudumu la katikati hadi mwisho wa pande zote mbili. Likikwama au likiteleza bila picha kubadilika, rudisha darubini na usianze hata kupatana bei.