TAHADHARI: "Semax" inayouzwa kwa WhatsApp hapa Nairobi

Ndugu zangu, hasa mlio na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaouguza akiuza vichupa vya unga mweupe anaouita Semax. Binamu yangu alimtumia shilingi 18,000 kwa ajili ya mama yake. Vichupa nimevishika mwenyewe, na mazungumzo yao nimeyasoma yote.

Kinachotisha ni kwamba mengi anayoyasema ni kweli. Semax ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, ya asidi amino saba, iliyobuniwa na wanasayansi wa Urusi kwa kuiga kipande cha homoni ya ACTH. Katika panya imeonekana kugusa BDNF, protini inayosaidia seli za neva kuishi na kukua, pamoja na dopamini na serotonini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Huko Urusi madaktari huwaandikia wagonjwa wa kiharusi. Unatafuta mtandaoni, unakuta hakudanganya, basi unamwamini na kuhusu kichupa chake.

Lakini Semax ya Urusi ni matone ya puani, ya asilimia 0.1 au 1. Huyu analeta unga wa kuchanganya na maji na kumdunga mgonjwa chini ya ngozi! Kibandiko kimekwanguliwa, ukikiinamishia mwanga unasoma Kiingereza kinachosema ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Hakuna jina la kiwanda, namba ya bechi wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Tulipomhoji akatuma cheti cha maabara: usafi asilimia 99. Cheti kina namba ya bechi, kichupa hakina, kwa hiyo hakuna kinachoviunganisha. Na hata kingekuwa cha kichupa hicho, kipimo cha usafi huonyesha tu peptidi yenyewe imechanganyika kiasi gani na mabaki ya peptidi nyingine. Hakisemi kama una bakteria au sumu zao, na kitu cha kudungwa mwilini lazima kipimwe hayo.

Duka hana. Anakuahidi mkutane River Road, ukiwa njiani anageuza, anasema lipa kwanza bodaboda atakuletea. Jina linalotokea kwenye M-Pesa si lake. Binamu alipoomba namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, alijibiwa kwamba bidhaa za utafiti hazihitaji usajili. Mtu huyo huyo alikuwa ameshamwandikia dozi ya mama kulingana na kilo zake! Alipozidi kuuliza, akafungiwa.

Lililoniuma kuliko pesa: alimwambia mama aache vidonge vya presha kwanza ili peptidi "ishike". Nawasihi, msithubutu. Presha isiyodhibitiwa ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na aliyekwisha kupata kimoja yuko karibu zaidi na cha pili. Dawa za mgonjwa zibadilishwe na daktari wake tu.

Kama umeshanunua, usimdunge mtu na usivitupe. Hifadhi vichupa, mazungumzo na ujumbe wa M-Pesa, upeleke kwa Bodi na kituo cha polisi kilicho karibu. Sisi tumeshapeleka. Na kama ulitumiwa cheti cha asilimia 99, niandikie faragha tulinganishe namba ya bechi, maana nashuku kila mteja anatumiwa kile kile.