Umechoka na haidro? Giaboksi za manyuali za kununua kwa mashine ya kukatia nyasi, na zile kii ambazo hakuna anayezikagua

Wadau, tangu masika ianze meseji ninazopata ni wimbo mmoja tu. Mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, asubuhi inatembea fresh kabisa, ikifika saa nne jua limewaka inaanza kulegea, unakanyaga pedeli mpaka mwisho inajikokota, ukiizima ikapoa inarudi na nguvu zake kana kwamba haijawahi kuumwa. Mmoja anahudumia uwanja wa shule Kigamboni, mwingine ana kampaundi kubwa Mbezi Beach, na kuna wa Mapinga ndo kanichosha kabisa, yeye tayari kashafungiwa giaboksi ya manyuali, ile ya kubadilisha gia kwa liva, tena ya mtumba, na sasa hivi gia ya tatu inaruka yenyewe ikikutana na majani marefu. Kwa hiyo leo ni giaboksi, rangi ya mashine na ukubwa wa injini mtasoma kwingine.

Haidro kwanza, haraka haraka, maana ndo giaboksi iliyo kwenye hizo mashine zinazolegea. Ndani yake hamna gia za kubadilisha, kuna pampu inayosukuma oili kwenye mota na mota ndo inazungusha matairi. Oili ikichemka inakuwa nyepesi, na kama vyuma vya ndani vimeshalika inapenya pembeni badala ya kusukuma, ndo hapo mashine inalala. Haidro ya Tuff Torq K46, ambayo utaikuta chini ya John Deere na Husqvarna nyingi za nyumbani, haina hata bolti ya kumwagia oili, mpaka uishushe yote uipindue. Sasa kabla hujaihukumu angalia vitu vya bure: ile rodi ya nyuma ya kuachia mashine isukumwe kwa mkono isije ikawa imebaki imevutwa, feni ya juu ya haidro isiwe imevunjika mapanga, mkanda usiwe unateleza, na usafishe vumbi na majani yaliyogandia kwenye mapezi yake ya kupoozea. Halafu oili. K46 inapenda 5W-50 ya sintetiki, Hydro-Gear, watengenezaji wengine wa haidro, wao wanasema 20W-50. Kuna watu wamebadilisha oili tu wakatoa na hewa, mashine ikafufuka. Ukifanya yote hayo na bado inalala, haya, twende kwenye manyuali, maana bei ya haidro mpya sitaki hata kuiongelea, kuna ulizo moja nilijibiwa nikadhani wananitajia bei ya mashine nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Watu wakienda kununua giaboksi ya mtumba wanaangalia kama kava halina ufa, wanaangalia oili sili kama zinavuja, wanazungusha puli kwa mkono. Muuzaji naye anajua, anakuzungushia mwenyewe, "cheki dada angu, laini kama mpya." Laini haina maana yoyote! Giaboksi iliyokufa kabisa nayo inazunguka laini, tena laini zaidi.

Kinachokufa ni kii. Giaboksi hizi sio kama za gari. Gia zote zimeshikana muda wote, ila kwenye shafti moja zinaelea bure, halafu kuna kii ndefu za chuma zinazoteleza kwenye mifereji ya hiyo shafti, ukivuta liva vichwa vya kii vinachomoza ndani ya gia uliyochagua na kuikamata. Kazi yote ya kubeba mashine, mtu aliyekaa juu na kikapu cha majani iko kwenye pembe za hivyo vichwa, sehemu ndogo hata ncha ya kidole gumba haiijazi. Pembe zikiwa kali inashika. Zikishalika zikawa mviringo, mzigo ukizidi kii inasukumwa inatoka, unasikia TAK, mashine inasimama au inaruka. Na kinachozila ni kitu kimoja, kubadilisha gia mashine ikiwa inatembea. Kijana wa bustani aliyezoea bajaji unampa mashine, anatembea na gia ya pili anachomeka ya tatu humo humo, kwenye mashine hizi unatakiwa usimame, ukanyage klachi, ndo ubadilishe. Kwa hiyo ukinunua mtumba unanunua na tabia za aliyekuwa anaiendesha.

Namna ya kukagua: nenda na mtu. Mmoja ashike ekseli zote mbili kwa nguvu, zote mbili jamani, ukishika moja difu inazungusha nyingine na hutajua kitu. Weka gia ya kwanza, kamata nati ya puli kwa spana, lazimisha mbele na nyuma. Inatakiwa igome, igande kabisa. Ukisikia inaruka hata mara moja, iache hapo hapo. Rudia kila gia mpaka ya mwisho, na riversi usiisahau kwa sababu ndo inayopigwa sana kwenye kona. Bora zaidi weka liva fri, fungua bolti zinazozunguka kava, nyanyua nusu ya juu, umulike kwa tochi ya simu uone pembe za kii kwa macho yako. Muuzaji akikataa usifungue, ushapata jibu lako.

Humo humo angalia grisi. Giaboksi nyingi za aina hii za kampuni ya Peerless hazitumii oili, zinatumia grisi laini inayotiririka, siku hizi wengi wanaweka ile namba 00, ulizia wanaouza vilainishi vya malori. Wauzaji wetu wanaosha giaboksi kwa petroli, wanashindilia grisi ya beringi za matairi, ile nzito namba 2, wanapiga rangi nyeusi juu. Grisi nzito ikirushwa na gia inakaa ukutani kama ukoko wa ugali, hairudi, gia zinasaga kavu. Ukiikuta humo, itoe yote kabla ya kufunga.

Haya, mpangilio wangu. Mi ni mtu wa Peerless na sifichi, zilikuwa za Tecumseh wa Marekani na ziko kwenye Craftsman na Husqvarna kibao, namba ya modeli imeandikwa kwenye kava na ukiwa na hiyo namba unaagiza hadi kii peke yake bila kubahatisha. Namba moja ni Peerless 206, yenye gia 6, au nduguye 205 yenye 5, IKITOKA KWENYE MASHINE YA FREMU KAMA YAKO. Mashine nyingi zilitoka kiwandani na aina zote mbili, manyuali na haidro, kwenye fremu ile ile. Mfano John Deere D100 ni manyuali ya gia 5 na D110 ni haidro, ni ndugu wa tumbo moja. Ukipata mashine iliyokufa injini ya aina ya manyuali, usinunue giaboksi, nunua mzoga mzima. Utahitaji puli yake, pedeli ya klachi, puli ndogo ya kukaza na kulegeza mkanda, rodi ya breki, liva, na swichi ya usalama. Mtu akikuuzia giaboksi tupu kakuuzia nusu ya kazi, kwa sababu klachi ya mashine hizi NI MKANDA kulegea na kukaza, na haidro nyingi hazina huo mpangilio, mkanda wake unakaa umekaza muda wote. Fundi wa kuchomelea atakwambia atakutengenezea. Atatengeneza, sikatai, halafu kila wiki unakaza kitu.

Namba mbili ni Peerless 820. Hii ni nzito, ekseli zake ni nene, na kwa kazi ya kuvuta tela la mchanga ningeiweka ya kwanza. Shida ni kwamba haikai kwenye fremu za kawaida bila kukata na kuchomelea, na rimu zako hazitaingia kwenye ekseli zake. Nenda na rimu yako sokoni, usione aibu kuibeba kwenye daladala.

Tatu, Dana 4360, wengine wanaijua kama Foote. Ni nzuri ikiwa nzima, ila mambo ya kii ni yale yale na spea zake zimeshakuwa adimu, kwa hiyo ukiikuta na pembe zilizolika huna pa kukimbilia. Nne, mfumo wa MTD, kampuni ya mashine za nyasi, wa puli inayobadilisha mwendo ikiwa na giaboksi ya gia moja. Huu angalau kijana wako hataua kii kwa kubadilisha gia akitembea, ila utahangaika na mikanda miwili na hiyo puli.

Zile za kuunga giaboksi ya toyo au difu ya bajaji? Rahisi, ndiyo. Mwendo haulingani na kukata nyasi, kipimo cha breki hakuna, tuishie hapo.

Mkanda usinunue ule wa mashine ya kusaga. Huu unateleza makusudi kila ukikanyaga klachi, kwa hiyo chukua uliovishwa kitambaa wenye nyuzi za kevla, la sivyo utanusa harufu ya mpira kabla hujamaliza goli la upande wa pili.

Na bei. Nimezunguka Gerezani na Ilala, na kuna duka moja sitalitaja jina nilitajiwa bei kwa dola, kwa kitu kimelala chini kina matope! Kanuni za 2025 zimeshakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, nikamwambia, akacheka, akabadilisha kwa kichwa kwa kiwango anachokijua mwenyewe, na thamani ya zile shilingi ikazidi ya zile dola. Halafu ndo inakuja ile ya "na risiti au bila risiti?" Eti ukitaka risiti ongeza asilimia 18, utadhani VAT ni hisani anayokufanyia. Dai risiti, na mwambie aandike namba ya modeli kama ilivyo kwenye kava, sio "gearbox used pc 1". Bila hiyo namba ukirudi na kii zinazoruka atakwambia hii sio ya kwangu, na wala huna pa kumkamatia.