Faiba ina kasi, lakini faili la kutoka Umoja kwenda Kilimani linapitia Ulaya

Nilipigia simu kampuni iliyonifungia intaneti ya faiba kuuliza kama naweza kuuziwa anwani ya IP ya umma, yaani anwani yangu mwenyewe inayofikika moja kwa moja kutoka nje. Kijana wa huduma kwa wateja akanijibu, "Bosi, hizo ni za watu wa kushusha sinema za wizi." Nani alitaja sinema? Ninazo video za harusi, gigabaiti 180, zinazotakiwa kutoka kwangu mtaani Umoja kufika kwa mhariri Kilimani, humu humu Nairobi. Kwa megabiti 40 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya usiku mmoja. Kwa megabiti 3 ninazopata nikimtumia, ni siku tano na nusu.

Kasi ninayolipia ipo. Shida ni kwamba kampuni inarundika nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta uangalie anwani ya upande wa WAN (unaoelekea kwa kampuni): ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, umo ndani ya rundo hilo. Hata ukifungua poti (mlango wa kupokea mawasiliano ya nje) kwenye ruta yako ni kazi bure, maana mbele yako kuna ruta nyingine ambayo ufunguo wake wanao wao.

Mimi natuma kwa Syncthing, programu ya kupitisha faili moja kwa moja kati ya kompyuta. Hutumia poti 22000, kwa TCP na UDP (njia mbili za kusafirisha data). Kompyuta mbili zikiwa zimefungiwa hivyo, hujaribu kutoboa njia kwa UDP. Ruta ya kampuni ikibadilisha poti kwa kila unayewasiliana naye, kutoboa kunashindikana, na programu inaangukia seva za kupokezana zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Fungua jina la kifaa cha mwenzako kwenye ukurasa wa Syncthing, 127.0.0.1:8384 katika kivinjari chako. Ukiona "Relay WAN" badala ya "TCP WAN" au "QUIC WAN", ndiyo hiyo. Wenye seva hawawezi kusoma faili lako, limefungwa kwa msimbo mwanzo hadi mwisho, lakini seva niliyoangukia mimi ilikuwa Ulaya. Faili linavuka bahari na kurudi ili lifike Kilimani! Na KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data, iko hapa hapa Nairobi zaidi ya miaka 20, iliwekwa ili data ya humu isizurure nje.

Torenti (BitTorrent), ambapo watu hugawiana vipande vya faili wao kwa wao, ina nafuu kidogo. Utashusha vizuri kutoka kwa mwenye poti wazi, ila wawili waliofungiwa mara nyingi hawafikiani, ndiyo sababu faili lenye wagawaji wachache hukwama mwishoni huku mwenye kipande kilichobaki yuko hewani. Watu husema teknolojia hii imepitwa na wakati. BitTorrent iko tangu 2001 na Debian, watengenezaji wa mfumo huria wa kompyuta, bado wanatoa diski zao rasmi za usakinishaji kwa njia hiyo. Haijafa; inanyongwa kwenye ruta za kampuni kama hii, kisha mteja anaitwa mwizi.

Cha kufanya: upande mmoja tu ukiwa wazi inatosha, kwa hiyo mwulize mwenzako kwanza. IPv6 (anwani za aina mpya, zinazotosha kila kifaa kupata yake) pande zote mbili, ukiruhusu poti 22000 kwenye ukuta wa usalama wa ruta (firewall), inamaliza kesi. Vinginevyo kodi seva ndogo iliyo karibu uweke strelaysrv, programu ya Syncthing ya kuendesha seva yako mwenyewe ya kupokezana, poti 22067. Tailscale, programu ya kuunganisha kompyuta zako kwa mtandao wa faragha, hukwama palepale na huangukia seva zake za kupokezana. Hifadhi ya mtandaoni inafanya kazi, ila unapakia, mwenzako anapakua, na kodi ni kila mwezi. Ukiwa na haraka, tuma hadidiski kwa bodaboda. Iwe imefomatiwa kwa exFAT, maana FAT32 hukataa faili la kufika gigabaiti 4.

Nilikusudia kuwaambia msiwaguse kabisa. Lakini fundi wao alifunga waya kwa usafi na laini haikatiki ovyo. Kwa anayetazama video tu, nyota nne. Ila nikikumbuka lile jibu, mbili. Hapana, moja, mpaka waache kumtuhumu anayeuliza.

Kabla hawajatoboa ukuta wako, waulize: je, mna IPv6, na anwani ya umma ni shilingi ngapi kwa mwezi? Dai jibu kwa maandishi.