Unasafiri kwa ndege na rodi? Angalia pini kabla hujatoa hela

Tangu rodi zangu mbili, yaani fimbo za kuvulia samaki, zivunjike njiani kwenda Mwanza, haipiti wiki sijaulizwa swali lile lile: "Dada, na mimi nataka kwenda kuvua Mafia, fimbo zangu nazibebaje kwenye ndege, ninunue nini?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo naandika yote kwa mkupuo.

Kwanza niwaambie ilivyokuwa. Nilinunua bomba la kuvuta la kubebea rodi, yale ya plastiki yanayorefuka na kufupika kama antena ya redio, jina la kampuni naliacha, shilingi laki tatu na ishirini, na muuzaji akaniapia kwamba hata lori likipita juu yake halivunjiki. Rodi zangu zilikuwa za kipande kimoja, futi 7 kila moja, yaani sentimita 213, kwa hiyo nikalivuta mpaka tundu la nane kati ya yale ya kufungia urefu wake, nikafunga pini, nikazungushia selotepu, nikalikabidhi kaunta Dar. Nafika Mwanza nalipokea naliona kama limepungua. Nikahesabu matundu. La sita! Pini ilikuwa imeruka matundu mawili na kujifunga tena vizuri kabisa, bomba halina hata mkwaruzo, ila sentimita kumi zimepotea na rodi zilizokuwa ndani hazikuwa na pa kwenda. Kufungua, ncha zote mbili zimechanika, pete za juu zinaning'inia kwenye nyuzi za kaboni.

Mzee mwenye mtumbwi aliyekuwa ananisubiri nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazishika zile rodi akazigeuza geuza, akasema, "Pole mwanangu, hizi zimekufa kabla hazijaonja maji." Siku tatu nikavua sangara kwa mshipi wa mkono alioniazima yeye. Rodi moja kati ya hizo nilikuwa nimeidundulizia miezi saba.

Sasa watu wakienda kununua bomba wanauliza unene wa plastiki, wanauliza kama lina magurudumu, kama lina kufuli, rangi. Hayo yote unayaona kwa macho, sina haja ya kukueleza. Kisichoangaliwa na mtu ni pini, yaani kile kinachozuia bomba lisirudi ndani. Mzigo mrefu wapakiaji huusimamisha wima, au unateleza kwenye toroli unaangukia kichwa, na bomba likigonga chini kwa kichwa uzito wote unakwenda kwenye kale kadude kamoja kadogo. Ukuta wa bomba hata uwe mnene vipi hausaidii kitu hapo. Pini nyingi ni kitufe cha plastiki chenye springi kinachochungulia upande mmoja tu, na hicho ndicho kilichoniponza. Inayofaa ni bolti ya chuma inayopita upande mmoja ikatokea upande wa pili na kukazwa na nati.

Namna ya kupima dukani: livute mpaka urefu unaoutaka, lisimamishe sakafuni, uliegemee kwa uzito wako wote, halafu liinue kidogo uligonge chini mara tatu. Likirudi ndani hata tundu moja, liache. Muuzaji akikukataza kupima, liache pia.

Haya, mpangilio wangu, kuanzia ninachokipenda.

Namba moja ni kutokununua bomba kabisa, ukanunua rodi ya safari, ya vipande vitatu au vinne. Na hapa sifichi, mimi ni mtu wa Shimano, zile rodi zao za STC ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya wasafiri, ziko za kurusha na ziko za kwenye boti. Futi 7 ukiigawa mara nne kila kipande kinakuwa kama sentimita 55, kinalala ndani ya sanduku lako la nguo katikati ya khanga na mataulo na hakuna mtu uwanjani atakayejua kama umebeba fimbo. Ya vipande vitatu ni 70 na ushee, hiyo pima sanduku lako kona kwa kona kabla hujanunua. Yangu nimeipandisha ndege kwenda Mafia na kurudi sijui mara ngapi, imeshanyanyua kolekole aliyenitoa jasho kweli kweli, na haina hata ufa. Wapo wazee wa uvuvi watakaokuambia rodi ya vipande huvunjikia kwenye maungio. Huvunjika ikilegea, na ikilegea ni kwa sababu hukuiangalia. Paka nta ya mshumaa kidogo kwenye maungio, na kila baada ya kurusha mara kumi kumi shika uone kama bado imekaza. Basi.

Faida yake nyingine ni kwamba unaikwepa ile hesabu ya mizigo. Mashirika mengi yanajumlisha urefu, upana na kimo cha begi na jumla isizidi sentimita 158, uzito kilo 23. Bomba la mita mbili na kitu limeshapita kabla hujaweka hata ndoano moja. Baadhi wanapokea fimbo za kuvulia kama vifaa vya michezo ila wanataka uwaarifu mapema, na wakikukubalia waombe wakuandikie kwa imeili, maana aliyekujibu kwenye simu siye utakayemkuta kaunta. Na kwenye vindege vidogo vya kwenda Mafia, zile Caravan, ndo kabisa, kawaida ni kilo 15 na begi liwe laini, linaloweza kubonyezwa likaingia kwenye lile tumbo la chini. Bomba gumu la mita mbili utaliweka wapi?

Namba mbili ni rodi za safari za kampuni nyingine. Penn wanazo za boti nzuri tu, na Ugly Stik wanayo GX2 ya safari ambayo ni nzito kidogo mkononi ila inavumilia mateso. Kama Shimano hujaipata, chukua hizo.

Namba tatu, bomba la kuvuta lenye bolti ya chuma, kwa yule ambaye rodi zake ni za kipande kimoja na hawezi kuziacha. Ukiwa tayari unalo lile la kitufe usilitupe, mpelekee fundi atoboe tundu la milimita 6 lipite pande zote mbili kwenye urefu wa rodi zako, weka bolti na nati. Halafu, na hili ndilo ninalotamani mtu angeniambia mapema, kata mpini wa fagio uwe mrefu kuliko rodi zako kwa vidole vitatu, ufunge pamoja nazo kwa raba. Bomba likigonga au likirudi, mpini unapokea, ncha hazigusi kifuniko.

Namba nne, bomba la PVC la inchi 4 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na vifuniko vyake. Rahisi, halina pini. Zito lakini.

Rodi za antena, zile zinazorefuka na kufupika, za bei chee na mifuko laini ya rodi siviweki kwenye orodha. Mfuko laini ni wa kwenye gari.

Sasa kuhusu wauzaji, jamani. Unaona picha ya rodi, unauliza bei, unajibiwa "njoo inbox". Kwa nini? Bei ni siri ya nchi? Unakwenda inbox unaulizwa uko wapi, unafanya kazi gani, halafu ndo unatajiwa bei. STC yangu niliulizia hapa Dar nikatajiwa bei ambayo binamu yangu wa Muscat alipoinunua kule ilikuwa karibu nusu yake, rodi ile ile, namba ile ile. Naelewa kuna usafiri na kuna ushuru, nami sitaki mtu auze kwa hasara, ila mara mbili? Na yule aliyeniuzia bomba nilimrudia na pini mkononi, akanionyesha maandishi ya chini ya risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwomba basi angalau aache kuwaambia wateja kuwa halivunjiki. Mpaka leo anawaambia, na mabomba ni yale yale.

Vitu vingine vya haraka. Rili, ile ya kuzungushia mshipi, beba mkononi, legeza breki, kunja mkono wake, ifunge kwenye soksi nene. Ndoano, kisu na koleo viende kwenye begi la chini, lile unalolikabidhi kaunta, na rapala zote, yaani chambo bandia, zitoe ndoano kwanza, kuna binadamu anaingiza mkono kwenye begi lako pale ukaguzi. Zipime pia, popa kumi, zile chambo bandia za juu ya maji, za gramu 120 ni kilo moja na ushee, na kwenye kilo 15 hiyo si ndogo. Taa ya kichwani yenye betri za akiba za lithiamu, betri hizo zikae kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi chini.

Na ukikabidhi bomba kaunta, lipige picha tundu la pini likionekana, pamoja na ile lebo ya mzigo. Fungua pale pale ukumbini unapolipokea, usisubiri hotelini, na likiwa limeharibika andikisha ripoti kabla hujatoka nje. Kwa safari za kimataifa Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tu kulalamika kwa maandishi juu ya mzigo ulioharibika. Mimi Mwanza sikuwa na picha, nilikuwa na kumbukumbu ya tundu la nane, na yule kijana wa mizigo akaniuliza, "Dada, una uhakika hukulifunga la sita?"