Mafuta ya karanga ya miti-shamba ya Kichina, Qingping, Guangzhou

Wadau wa Guangzhou, hasa mliopo Xiaobei, juzi nimemaliza chupa ya pili ya haya mafuta so sasa naweza kuongea. Kaduka kapo uchochoroni karibu na soko la Qingping, kule wanakouza dawa za kienyeji, mama mwenyewe anakamua karanga hapohapo kwa mashine, na zenye ukungu anazitoa kwa mkono moja moja, hapo nilimpenda sana maana sumukuvu si mchezo.

Akishakamua anachanganya na mafuta ya ufuta na ya mbegu za camellia (mti wa jamii ya chai), anabandika moto mdogo kabisa, anatia tangawizi, mdalasini, pilipili ya Sichuan na danggui, ule mzizi uliokatwa vipande vyembamba kama krisps. Habanduki pale jikoni, vipande vikianza tu kupiga kahawia pembeni anaipua, vikiungua mafuta yote yanakua machungu, halafu anachuja kwa kitambaa. Ila Waislamu wenzangu angalieni, viungo anavinyunyizia baijiu kwanza, pombe kabisa, eti visiungue haraka. Nikamwambia ayi (yaani shangazi kwa Kichina), yangu tumia maji ya uvuguvugu, akakubali bila neno na nilikaa pale mpaka mwisho.

Ladha jamani! Mchicha ukishaiva unamwagia kijiko kimoja juu, nyumba nzima inanukia. Kukaangia maandazi usithubutu, ni kuharibu hela.

Kilichoniudhi ni lebo. Chupa ya kwanza iliandikwa "mafuta ya afya" basi, wakati kiwango chao cha taifa, GB 2716-2018, kinataka mafuta ya kuchanganya yaandikwe kila aina ni kiasi gani, na camellia ndo ya ghali humo, sasa ntajuaje kama sijauziwa karanga tupu? Nilivyouliza akaniandikia kwa kalamu: karanga asilimia 70, camellia 20, ufuta 10. Ingekuepo toka mwanzo.

Na ile habari kwamba haya mafuta yanashusha presha na kusafisha damu mimi siichukui, mafuta ni mafuta, kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120. Mama yangu yuko Tanga anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aliomba nimtumie chupa nikakataa kabisa, danggui inaweza kuizidishia nguvu hiyo dawa mtu akaanza kutoka damu. Kama uko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda muulize daktari kwanza, tafadhali sana.

Mimi Jumamosi narudi na chupa zangu za kioo, ila ntamwambia mdalasini apunguze kidogo.