Makumbusho ya STEAM, Swindon: Mji Uliofanya Kazi "Ndani"

Mzee wa Swindon, mji ulioko Uingereza, akiulizwa alikuwa akifanya kazi wapi, mara nyingi hataji karakana wala kampuni ya reli, bali hujibu tu kwamba alikuwa "ndani". Karakana za Great Western Railway, zilizoanza kazi mwaka 1843, zilikuwa mji ndani ya mji. Wafanyakazi wake, ambao wakati mmoja walifikia kiasi cha 14,000, waliingia humo kupitia njia iliyochimbwa chini ya reli, na jamaa zao waliobaki nje waliyajua ya humo kwa kusimuliwa. Makumbusho ya STEAM, yaliyofunguliwa mwaka 2000 katika mojawapo ya majengo hayo, yamekusudia kumwingiza mgeni huko ndani, na kwa maoni yangu yanafaulu zaidi pale yanapoziacha injini na kuwageukia watu.

Si kwamba injini hazifai. Ile iitwayo Caerphilly Castle, iliyoundwa hapo hapo mwaka 1923, imewekwa mahali ambapo mgeni anaweza kushuka na kupita chini yake, na mwenye watoto asitegemee kuwatoa hapo upesi. Sanamu za wafanyakazi zilizosimamishwa kwenye mashine, pamoja na kelele za nyundo zilizorekodiwa, hazikunigusa sana. Nilivutwa zaidi na vitu vidogo, kama vile vibati vya shaba vyenye namba ambavyo mfanyakazi alitambulika kwavyo.

Jambo ambalo wenyeji hawachoki kulisimulia ni king'ora. Kilipangia mji mzima saa za kuamka, kula na kurudi nyumbani, kikasikika maili nyingi mashambani, hata bwana mmoja mwenye ardhi huko Lydiard akakilalamikia rasmi katika karne ya kumi na tisa. Kililia kwa mara ya mwisho tarehe 26 Machi 1986, siku ambayo karakana zilifungwa. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami aliniambia kwamba kwa wiki kadhaa baadaye alikuwa akiamka saa ile ile na kukaa kitandani akisubiri, jambo ambalo hakuna kibao cha maelezo kingeweza kulieleza vizuri zaidi.

Ningemshauri mgeni asianzie kwenye makumbusho, bali aanzie upande wa pili wa reli, katika kijiji cha wafanyakazi chenye nyumba za mawe zipatazo 300, ambazo mtu aliyekulia Muthurwa, Nairobi, angezitambua mara moja kuwa makazi ya reli. Mitaa yake ina majina ya miji ambayo treni zilielekea: Bristol, Exeter, Taunton, Reading. Ni hapa ambapo mwaka 1847 ulianzishwa mfuko wa matibabu uliochangiwa kwa makato ya mishahara, ambao baadaye ulikuwa na hospitali, madaktari wa meno na mabafu, na ambao hutajwa kuwa mmoja wa mifano iliyotazamwa wakati huduma ya afya ya taifa ilipoundwa mwaka 1948. Wenyeji hulitaja hilo kwa fahari kubwa kuliko Evening Star, injini ya mwisho ya mvuke kuundwa kwa ajili ya British Railways, shirika la reli la taifa, iliyotoka Swindon mwaka 1960.

Kutoka kijijini, mgeni apite kwa miguu katika njia ile ile ya chini ya reli. Leo wengi wanaoipita hawaendi kwenye makumbusho, bali kwenye maduka ya nguo na viatu vya bei ya punguzo, ambayo tangu mwaka 1997 yamejaza karakana za jirani, huku nguzo za chuma na paa za zamani zikiwa bado zimesimama juu ya rafu. Swindon imekwisha kuzoea kubadilishiwa kazi: kiwanda cha magari cha Honda nacho kilifungwa mwaka 2021.

Safari ya treni kutoka kituo cha Paddington, London, huchukua muda wa saa moja hivi, na nusu siku inatosha kwa kijiji na makumbusho. Nilimalizia kwenye maduka, nikanunua soksi, nikamwambia binti aliyenihudumia kwamba sasa naye anafanya kazi ndani. Akanijibu kwamba ni afadhali, kwa kuwa nje kulikuwa na mvua.